Fungueni Dirisha, Mlipeni Mlezi

Mtoto wa miaka miwili hakai mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake. Atamkumbatia, atamnyang'anya kijiko, atampigia chafya usoni, kisha atajitupa mapajani mwa mlezi apanguswe kamasi. Ndiyo maana kanuni nyingi za korona zilizobandikwa ukutani mwaka 2020 hazikumhusu. Agosti ya mwaka huo, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema wazi kwamba mtoto wa miaka mitano kwenda chini asilazimishwe kuvaa barakoa. Basi kinga yake imo mikononi mwa watu wazima, na toleo hili linauliza watu wazima wa Kiirua, kaunti ya Meru, wamepewa nini cha kumkingia.

Kwetu ni baridi. Mama anayewahi kibarua cha viazi, au gari la wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Timau, humwacha mtoto kwa jirani kabla jua halijatoka. Chumba ni cha mbao na mabati. Dirisha limezibwa kwa gunia, watoto sita wamelala kwenye godoro moja, wengine kichwa huku na wengine kule, na uji unachemka kwenye jiko la makaa karibu na mlango. Mlezi hakuziba dirisha kwa ujinga. Anaogopa nimonia, na anajua mzazi akimkuta mwanawe ana mikono ya baridi jioni, kesho atampeleka kwingine. Lakini virusi vya korona huelea katika hewa iliyofungiwa kama moshi wa sigara, na hubaki chumbani hata aliyekohoa akishatoka. Tulinunua ndoo zenye bomba na sabuni, tukafanya vyema, kwa kuwa mikono safi huzuia kuhara pia. Dirisha tulilisahau.

Kuna ushahidi wa kutosha kwamba maambukizi katika vyumba hivi yanazuilika. Katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, vituo 666 vya kulelea watoto vilifunguliwa tena katikati ya 2020. Watoto waliwekwa katika vikundi vidogo visivyochanganyika, watu wazima wakavaa barakoa, na mwenye dalili akabaki nyumbani. Juni na Julai walipatikana wagonjwa 52, waliothibitishwa na walioshukiwa, lakini ni vituo vinne tu ambamo ilionekana huenda maambukizi yalipita kutoka mtu hadi mtu. Lakini mwaka huohuo, huko Salt Lake City, pia Marekani, watoto 12 waliambukizwa katika vituo vitatu. Waliugua kidogo tu, au hawakuonyesha dalili kabisa, ila waliporudi nyumbani waliwaambukiza watu wasiopungua 12, na mama mmoja akalazwa hospitalini. Katika vituo viwili kati ya hivyo, ugonjwa ulifuatiliwa hadi kwa mfanyakazi ambaye nyumbani kwake tayari kulikuwa na mgonjwa. Alikwenda kazini hivyo hivyo.

Na kwetu angefanyaje? Mlezi wa Kiirua hulipwa kwa siku na kwa kichwa cha mtoto. Akikohoa Jumatatu na kufunga mlango, hana chakula Jumanne, na akina mama sita hawana pa kuacha watoto. Kumwambia mtu kama huyo abaki nyumbani bila kumpa chochote ni kumtwika mzigo ambao sote tunajua hataubeba. Mimi siwezi kumlaumu.

Wako wanaosema dawa ni kufunga vituo janga likija. Tulijaribu. Machi 2020 shule zilifungwa nchini kote, na watoto wa chekechea hawakurudi darasani hadi Januari 4, 2021. Lakini viazi havikungoja kuvunwa, ng'ombe hawakuacha kukamuliwa, na mtoto ilibidi alelewe na mtu. Wengi waliachiwa nyanya zao, yaani wale wale ambao ugonjwa huu uliwaua kwa urahisi zaidi. Tulifunga darasa la mwalimu kijana tukawapeleka watoto jikoni kwa ajuza wa miaka sabini. Hilo lisirudiwe, na namna ya kutolirudia ni kuwa na vyumba salama kabla ya dharura.

Dharura ya dunia ilitangazwa kwisha Mei 5, 2023, lakini virusi vingali nasi, na mafua makali na nimonia hupita katika hewa ile ile. Jukumu nalo lina mwenyewe. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Madarasa ya chekechea tumeyaona yakijengwa. Chumba cha jirani mwenye watoto sita hakimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Kwa hiyo kikao cha maoni ya bajeti kitakapofika wadi ya Kiirua/Naari, walezi wakae viti vya mbele na kudai mambo mawili kwa majina yake. La kwanza, fedha za kutoboa madirisha mawili yanayotazamana katika kila chumba cha malezi, pamoja na blanketi za kutosha ili yaweze kubaki wazi. La pili, posho ya siku za ugonjwa kwa mlezi aliyesajiliwa, na mlezi wa zamu wa kushika nafasi yake. Fundi wa mbao wa hapa sokoni anaweza kukadiria gharama ya dirisha kwa dakika chache. Waende nayo kikaoni ikiwa imeandikwa.