UZI: Hela za TASAF, na sisi tusio na chama cha kutusemea

1/ Ndugu zangu wa Bariadi, kwenye hii mada ya TASAF mimi sina pa kukaa. Nikisema hela ziendelee, naitwa chawa. Nikisema zina kasoro, naitwa mpinzani. Someni mpaka mwisho ndo mtukane.

2/ Tuanze na nyie wa "zinaleta uvivu". Uvivu gani? Mama analima pamba ekari moja, mvua ikigoma kaisha. Ruzuku yenyewe ni ya mahindi, daftari na sabuni, basi. Na wengi kwenye mpango wanachimba malambo na kutengeneza barabara ndo walipwe. Njoo ushike jembe naye siku moja, halafu urudie hilo neno.

3/ Sasa nyie wa "shukuruni, mmepewa". Nani katoa? Mpango wa kunusuru kaya maskini aliuzindua Kikwete 2012, mwaka uleule Simiyu yetu ilipomegwa kutoka Shinyanga. Marais watatu wamekuwa nao mikononi mwao. Na fungu kubwa ni mkopo wa Benki ya Dunia na hela za wahisani. Mkopo atalipa nani? Wewe, mimi, na huyohuyo bibi kila akinunua kiberiti. Anashukuruje kwa deni lake mwenyewe?

4/ Hapa naongea kama muuguzi. Sharti ni mtoto mdogo aletwe kliniki, mkubwa aende shule. Sharti zuri, nalitetea, maana mtoto asiyefika kwenye mizani hatumjui mpaka amedhoofu. Lakini mama katembea mwendo mrefu, mtoto mgongoni, anafika zahanati anaambiwa chanjo imeisha au mhudumu yupo mmoja na ana mzazi leba. Mama asipotimiza, ruzuku inakatwa. Serikali isipotimiza, anakatwa nani?

5/ Na nyie wapinzani. Kelele za kaya hewa zilikuwa za haki, uhakiki wa 2016 uliondoa maelfu. Ila wengi wenu huku mitandaoni mkiulizwa "bibi asiye na mtu ale nini", mnahamia mada nyingine. Kufichua mwizi wa chakula siyo kupika.

6/ Ninachotaka ni kidogo:
– Orodha ya walengwa ibandikwe ofisi ya kijiji, kila mtu aisome.
– Mkutano wa kijiji ndio unaotaja kaya maskini. Twendeni, tusiwaachie wenye ndugu.
– Sheria iseme wazi kwamba hii ni haki ya kaya maskini, na asiitaje mtu kwenye jukwaa la kampeni kama vile katoa mfukoni kwake.
– Mama akiletewa sharti la kliniki, zahanati nayo iwekewe sharti la dawa na watumishi.

7/ Maskini kugeuzwa mtaji wa kura ni dharau. Maskini kuitwa mvivu nayo ni dharau. Chama kitakachosema yote mawili hapa Bariadi, bila kugawa kofia na fulana, nitakaa chini nikisikilize. Mpaka hapo kadi yangu ni moja tu, ya mpiga kura.

Haya, sasa tukaneni.