STAA KAPELEKA SABUNI GEREZANI, MAMA LISHE KAPELEKA JINA LAKE: NANI KASAIDIA?

Picha zimesambaa kila kona. Staa mmoja mkubwa wa Bongo Fleva kasherehekea siku yake ya kuzaliwa nje ya geti la gereza moja jijini Dar es Salaam. Katoni za sabuni, madumu ya mafuta, taulo za kike na fulana zilizochapwa sura yake kifuani. Wapiga picha watatu, meneja, mabaunsa. Laiki zikamiminika, watu wakaandika "moyo wa dhahabu", "Mungu akuzidishie". Basi, siku ikaisha.

Ambacho picha hazikuonyesha ni kwamba ndani ya kuta zile zile alikuwemo kijana aliyecheza nyuma ya staa huyo jukwaani kwa miaka minne. Kijana anashtakiwa kwa kuharibu mali, ugomvi wa baa, vioo vikavunjika. Dhamana yake ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza: wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa na vitambulisho vya NIDA, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni mbili. Ndugu zake wako Kigoma. Kwa hiyo miezi mitatu alipanda karandinga, akashuka mahakamani, akasikia kesi imeahirishwa, akapanda tena karandinga. Rafiki zake walimpigia meneja wa staa. Jibu likawa kwamba bosi hataki kuchanganywa na mambo ya kesi, yatamchafulia jina.

Mjini bwana! Jina la kuuzia fulana lipo, la kumdhamini mtu aliyekubebea shoo halipo.

Waliomtoa ni akina mama lishe wa Mbagala aliokuwa akila kwao kwa mkopo. Wana mchezo wao wa kila wiki, na kijumbe wao ndiye aliyelivalia njuga suala hili. Wawili wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua, wengine wakachanga nauli na kuwashikia biashara siku ile. Walikwenda mahakamani mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza barua moja ilikosa mhuri. Mara ya pili wakasaini, na jioni ile kijana akatoka. Kesi inaendelea, na hajakosa tarehe hata moja.

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Watu wanadhani dhamana ni pesa. Ingekuwa pesa, akina mama wale wangezitoa wapi? Kwenye kesi nyingi za kawaida mdhamini hatoi hata senti siku ile. Anaweka saini yake chini ya ahadi kwamba mtuhumiwa atarudi, na akitoroka ndipo mdhamini atabanwa alipe. Dhamana inataka jina na mtu wa kukuamini. Masikini wa mjini anakosa vyote viwili kwa sababu kapanga chumba, hana ndugu karibu, na mwajiri wake akisikia neno polisi anazima simu.

Ndiyo maana ukiwaangalia mahabusu wanaosota kwenye kesi ndogo ndogo utawakuta bodaboda, machinga, dada wa kazi, kuli wa sokoni. Mwenye uwezo akishtakiwa kwa kosa lile lile, wadhamini wanamsubiri koridoni na suti zao. Sheria moja, lakini mmoja analala kwake na mwingine analala chini akisubiri upelelezi ukamilike.

Wapo watakaoshusha povu: "Wahalifu waozee huko huko, na waliovunjiwa vioo je?" Swali la mwenye vioo ni la haki, na jibu lake litoke mahakamani, kwenye ushahidi na hukumu. Lakini Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu anayeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba kweli analo. Mahabusu hajahukumiwa. Kumdhamini si kumsafisha, na kesi yake haifi. Tena aliye nje anafanya kazi, na mahakama ikimwamuru alipe fidia atakuwa nayo. Aliyekaa ndani mwaka mzima atamlipa mwenye baa kwa nini, kwa ndoo?

Kuna watu hata hawakupaswa kufika huko. Kanuni ya Adhabu ina makosa ya uzururaji yaliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, ambayo mtu anakamatwa kwa jinsi anavyoonekana na mahali alipokutwa. Mwaka 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, kwa kuwa zinawaadhibu watu kwa hali yao. Hilo lilisemwa Desemba 2020, na staa yupi mliyemsikia akiliimba?

Ni kweli yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachozuia dhamana hizo kinavunja Katiba, na mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi ule. Huko mtaa hauwezi kuweka saini. Lakini unaweza kutembelea, kupeleka chakula na nguo kwa utaratibu wa gereza, kufuatilia tarehe, na kumtafuta msaidizi wa kisheria, ambaye anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Na hata baada ya hukumu kazi haijaisha. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mtu mwenye kosa dogo atumikie adhabu nje, afagie hospitali au apande miti, halafu alale kwake. Kabla ya hapo afisa anakwenda mtaani kuuliza huyu ni mtu wa namna gani. Akifika na majirani wote wakajifungia ndani, ataandika nini? Mtaa unaokaa kimya unampeleka mtu jela kama vile umeshuhudia dhidi yake.

Desemba 9, 2017, Rais John Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 8,157, na kati yao 1,828 waliachiwa huru. Taifa zima lilishangilia, blogu zikajaa picha za magetini. Baada ya picha, kila mmoja alikwenda kutafuta chumba kwa mwenye nyumba asiyetaka kusikia neno "jela", na kazi kwa bosi anayeuliza "ulikuwa wapi miaka yote?" Rais anaweza kufungua geti la gereza. Mlango wa chumba cha kupanga Manzese anaufungua jirani.

Kwa hiyo sabuni ipelekwe, haina ubaya, wanaihitaji sana. Ubaya ni kuigeuza sabuni kuwa kiki, halafu kumkana mtu wako aliye upande wa pili wa ukuta. Staa mwenye mamilioni ya wafuasi angeweza kulipia mwanasheria wa vijana kumi wa kazi yake mwenyewe. Angeweza kusema neno moja kuhusu uzururaji likafika bungeni kabla ya chakula cha mchana. Kachagua fulana.

Na wadau nao wasijifiche nyuma ya staa. Mtaa wa Kiswahili unajua kujipanga kuliko mashirika makubwa. Kamati ya harusi inakusanya mamilioni kwa wiki sita, na mtu akifa, turubai, viti na sufuria vinafika kabla ya maiti. Chama cha kufa na kuzikana kina katiba, katibu na mweka hazina. Kwa nini chama hicho hicho kisiwe na watu wanne waliokubaliana kwamba kijana wa mtaa akishikwa kwa kosa lenye dhamana, barua itachukuliwa siku hiyo hiyo? Kisiwe na daftari la tarehe za kesi, na zamu ya kupeleka chakula?

Akina mama wa Mbagala wameshaanza, bila kamera wala fulana. Wiki hii kijumbe ana jina jingine kwenye daftari, binti wa kazi aliyesingiziwa simu na bosi wake. Wadhamini wanaotakiwa ni wawili, na mpaka sasa kapatikana mmoja.