Mchana Mmoja Bandarini Rhodes



Abiria wa meli za matembezi ni mgeni wa namna ya peke yake. Hulala baharini, akaamka penye mji asioujua, akapewa saa chache za kuutazama, kisha honi ikalia naye akarejea chumbani mwake melini. Mwenye kukaa mwezi mzima akipotea njia leo, kesho hujirekebisha. Huyu hana kesho. Kwa hiyo yampasa ajiulize kabla hajaikanyaga ngazi ya kushukia: je, nashuka kutafuta nini?

Swali hilo lilitufikia mimi na ahali yangu tulipofika Rhodes, kisiwa cha Ugiriki kilicho karibu sana na pwani ya Uturuki. Meli yetu ilifunga gatini saa moja ya asubuhi, nasi tukaambiwa tuwe tumekwisha kurudi kabla ya saa kumi ya alasiri.

Rhodes humrahisishia mgeni safari yake, kwani gati liko chini ya ukuta wa mji mkongwe, na kwa mwendo wa dakika chache mtu huwa amekwisha kuingia langoni. Ukuta huo una urefu upatao kilomita 4, na mji uliomo ndani yake umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka wa 1988. Wenzetu wengi walielekea bandari ndogo ya Mandraki, penye sanamu mbili za kulungu, wakapige picha mahali ambapo watu husema palisimama lile jisanamu kubwa la shaba, mojawapo ya maajabu saba ya zamani. Jisanamu hilo lilijengwa kweli, lakini halikudumu hata miaka 70. Tetemeko la ardhi lilivunja magoti yake, likaanguka.

Mimi nilikuwa na haja nyingine. Nilitaka kuona athari za Waislamu. Basi tukaupanda mtaa wa Socrates, baina ya maduka ya ngozi, dhahabu na sifongo, hata tukafika juu kwenye msikiti wa Sultani Suleiman wenye kuta za rangi ya waridi. Msikiti huu uliasisiwa baada ya Waturuki kuuteka mji mwaka wa 1522, ukajengwa upya mwaka wa 1808. Mkabala wake ipo maktaba ya wakfu iliyowekwa na Hafiz Ahmed Agha mwaka wa 1793, yenye hati za mkono za Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Dola iliyokuwapo alipoandika wakfu wake imetoweka, na maktaba ingali ikiitwa kwa jina lake.

Hapo nafsi yangu ilijaa fahari, nikaanza kumsimulia ahali yangu habari za mwaka ule. Nikamweleza jinsi watawa askari wa Mtakatifu Yohana walivyoitawala Rhodes kwa zaidi ya miaka 200. Jinsi Sultani alivyouzingira mji kwa kadiri ya miezi sita. Na jinsi mkuu wao, Philippe de Villiers de L'Isle-Adam, alivyokubali kusalimu amri mwezi wa Disemba. Sultani hakuwachinja wala hakuwafanya mateka. Aliwapa ruhusa waondoke na silaha zao na mali zao, na tarehe 1 Januari 1523 wakaingia merikebuni kwa salama. Miaka saba baadaye walipewa Malta.

Ahali yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Bwana, hao watawa walikuwa wageni, kama alivyokuwa mgeni Sultani. Je, wenye mji, Wagiriki waliozaliwa hapa, walikwenda kukaa wapi?"

Nilinyamaza kidogo, kwa kuwa jawabu nalijua na sikupenda kulitaja. Wenyeji Wakristo walitolewa nje ya ukuta. Mchana waliweza kuingia kufanya kazi na biashara, lakini jioni iliwapasa watoke kabla ya malango kufungwa. Na ingawa katika masharti ya amani iliahidiwa kwamba makanisa hayataguswa, mengi yaligeuzwa misikiti. Waliokuwa na nguvu ya kuondoka walitimiziwa ahadi. Waliobaki, wasio na nguvu, walipunguziwa. Nasi tusemao kila siku kuwa ahadi ni deni, haitufai kuhesabu lile lililolipwa na kulifumbia macho lile lililobaki.

Tukateremka kimya mpaka upande wa mashariki wa mji, katika mtaa wa Wayahudi, ambao chini ya Waturuki waliruhusiwa kukaa ndani ya ukuta. Hapo pana kiwanja chenye jiwe jeusi la ukumbusho. Mwezi wa Julai 1944, Wajerumani waliokuwa wameishika Rhodes waliwakusanya Wayahudi wa kisiwa hicho, zaidi ya watu 1,600, wakawapakia majahazini na kuwapeleka katika kambi ya mauti ya Auschwitz. Waliorudi hai ni kama 150 tu. Wenzao waliokuwa wamehama kabla ya vita walisalimika, na miongoni mwao wamo waliokwenda Elisabethville katika Kongo, ndio mji wa Lubumbashi wa leo, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na sokoni.

Siku zile alikuwako Rhodes balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, Mwislamu. Alimwendea jemadari wa Kijerumani akadai kwamba raia wa Uturuki, pamoja na waume au wake zao na watoto wao, waachwe. Sheria ya kuwafanya jamaa hao wote kuwa raia haikuwako. Aliitoa kifuani mwake. Kwa maneno hayo aliwaokoa watu zaidi ya 40. Naye hakuwa mtu asiye na msiba wake: katika vita hivyo ubalozi ulipigwa mabomu, na mkewe, aliyekuwa mja mzito, akajeruhiwa, akafariki baada ya kujifungua mtoto wa kiume.

Huyu hakuwa na jeshi kama la Sultani. Alikuwa na muhuri na ulimi, akavitumia kwa ajili ya jirani asiye wa dini yake.

Kabla ya kurudi tulipitia msikiti wa Ibrahim Pasha, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza. Wapo Waislamu Rhodes hata leo. Mwaka wa 1923, Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu wao kwa mamia ya maelfu, kisiwa hiki kilikuwa mikononi mwa Waitalia, na kwa hiyo watu wake hawakung'olewa. Leo wao ndio wachache, nao wanahitaji kwa wenye nguvu haki ile ile ambayo Wagiriki waliihitaji kwa Waturuki.

Saa tisa u nusu tulikuwa tumekwisha kupanda ngazi. Nilikuwa nimeshuka kutafuta fahari ya watu wangu, nikaikuta, tena si pale nilipoitarajia. Msomaji, nawe utakapopata mchana mmoja katika mji wa ugenini, utazame yaliyojengwa na wenye nguvu, kisha uulize kama alivyouliza ahali yangu: wenye mji walikwenda kukaa wapi?

Wabillahi tawfiq.