Nao Wana Majina



Wapendwa waamini, kila mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, huwataja pia askari waliokufa vitani. Na kila mara hapa Sola husikia hoja ileile: “Padre, vita vile vilikuwa vya Wazungu, vinatuhusu nini?” Hoja hiyo naikataa.

Ni kweli hatukuvianzisha. Lakini waliokufa ni wetu. Katika Vita Vikuu vya Pili, Waafrika zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia katika jeshi la Mwingereza, wengine kwa hiari, wengine kwa kushurutishwa. Askari wa Keya walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Watu wapatao 1,300 waliangamia, miongoni mwao mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Walilipwaje waliorudi? Kiinua mgongo cha Mzungu kilizidi cha Mwafrika hadi mara tatu. Risasi haikuuliza rangi ya mtu, karani aliuliza.

Waliowatangulia, askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, walitendewa vibaya zaidi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Tunaipokea radhi hiyo, lakini radhi bila majina ni nusu ya haki.

Sasa natugeukia sisi wenyewe. Mwingereza hakuwaandika, je, sisi tumewaandika wapi? Yeye aliwaona kuwa hesabu tu; sisi wajukuu tumewasahau hata kwa hesabu. Yuda Makabayo alikusanya sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa. Sisi tumekusanya nini?

Basi, familia yenye babu aliyekwenda Keya au upagazi ilete jina lake na la kijiji chake, tuliandike katika kitabu cha marehemu cha parokia. Asiyelijua awaulize wazee wa ukoo wangali hai. Mungu anawajua wote kwa majina. Aibu ni yetu tusiowajua.