Chumba cha Gesti Hakina Jiko, Lakini Watoto Lazima Wale

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi watu wa hospitali hatulisemi, nalo ni chakula cha familia inayokaa gesti wakati mgonjwa wao anatibiwa mbali na nyumbani.

Katika hospitali yetu ya misheni twaandika barua za rufaa kila juma. Mgonjwa mmoja aenda Bugando, mwingine KCMC, mwingine Muhimbili au Ocean Road. Twawaeleza ndugu zake wachukue barua, picha za eksirei, kadi ya bima kama wanayo, na nauli. Hapo twaona kazi yetu imekwisha. Hatuwaambii kwamba matibabu ya mionzi, kwa mfano, huweza kuchukua wiki kadhaa, siku tano kwa juma, na kwamba muda wote huo watalala katika chumba chenye kitanda, feni na ndoo ya maji, pasipo jiko wala friji. Mara nyingi mama aenda na watoto wadogo, kwa kuwa hana wa kumwachia. Watoto hao watakula nini?

Mimi mwenyewe nililipata somo hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita dada yangu alilazwa katika hospitali kubwa ya mjini, nami nikakaa gesti na watoto wake wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka tisa. Tulikaa siku 11. Mlangoni palibandikwa karatasi: Ni marufuku kupika chumbani. Mimi ni muuguzi, na nimefundisha akina mama lishe pale kliniki kwa miaka mingi. Hata hivyo, siku nne za kwanza niliwapa watoto wale chipsi na soda asubuhi, na wali wa mama ntilie mchana. Uliobaki niliufunika kwa sahani juu ya meza tangu saa saba mchana hadi saa mbili usiku, tukaula tena. Siku ya tano yule mdogo akatapika na kuharisha. Nilikesha nikimnywesha maji ya dawa ya kuhara kwa kijiko. Kesho yake dada akaniuliza kutoka kitandani kama watoto hawajambo. Nikamjibu kwamba hawajambo. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba mimi, muuguzi, ndiye niliyemwugua mtoto wake.

Kosa langu halikutokana na ukosefu wa fedha. Fedha ya chipsi na soda ingetosha kununua mkate, maparachichi, mayai ya kuchemsha na machungwa, na chenji ingebaki. Kosa lilikuwa kichwani mwangu. Niliamini kwamba chakula ni kile tu kilichotoka jikoni kikiwa na mvuke. Wengi wetu twaamini hivyo. Mtu aweza kula ndizi tatu, kiganja cha karanga na yai, halafu akasema hajala tangu asubuhi kwa sababu tu hajauona ugali. Vingine vyote twaviita vitafunwa. Maoni yangu ni kwamba fikra hii, nzuri au mbaya nyumbani, safarini yatudhuru. Mtoto aliyekula mkate, parachichi, yai na chungwa amekula mlo kamili: kuna cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili. Tumbo lake haliulizi kama jiko liliwashwa.

Fikra hiyo hiyo ndiyo inayowafanya wengine waingize jiko la mkaa chumbani kwa siri. Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Mkaa uliokolea vizuri na kuacha kutoa moshi ndio unaodanganya zaidi. Hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Damu yetu huishika hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, hivyo mwili hukosa oksijeni hata kama mtu anapumua. Kwanza huja maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Aliyelala haamki. Mama anayefunga mlango na dirisha ili mwenye gesti asisikie harufu ya mboga, huwa anawafungia watoto wake ndani na sumu. Ile karatasi ya mlangoni haikubandikwa kwa ajili ya kulinda shuka na mapazia tu. Tuitii.

Basi tule nini? Ushauri wangu ni huu: kwa siku, kuleni mlo mmoja uliopikwa, na milo mingine isiyohitaji jiko.

Mlo uliopikwa uliwe pale pale kwa mama ntilie, ukiwa wa moto unaofuka mvuke. Chagua yule mwenye sabuni na maji ya kunawa, anayefunika vyakula vyake, na mwenye wateja wengi, maana sufuria yake haikai muda mrefu. Omba maharage, samaki au nyama, na mboga za majani. Nunua kiasi mtakachomaliza. Usibebe mabaki kuyapeleka chumbani. Najua kiporo ni chai ya asubuhi katika nyumba nyingi, nami nimekulia hicho. Lakini chakula kilichopikwa hakifai kukaa zaidi ya saa mbili katika joto la chumba. Katika wali kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Hicho ndicho nadhani kilichompata mtoto wa dada yangu.

Asubuhi, mkate uliopakwa siagi ya karanga, ndizi mbivu, na maziwa ya pakiti ndogo. Yale maziwa yaliyotengenezwa kukaa bila friji hukaa hivyo kabla tu ya kufunguliwa. Ukishafungua, yanyweni yote. Ndiyo maana pakiti ndogo ni bora kuliko kubwa. Mtindi pia ni mzuri, mradi ununuliwe dukani ukiwa wa baridi na unywewe mara hiyo hiyo.

Jioni, parachichi lililopondwa na chumvi kidogo na limau, likapakwa kwenye mkate. Kila mmoja apate yai la kuchemsha, lililonunuliwa siku hiyo likiwa bado na ganda lake, nawe ulimenye mwenyewe. Usimruhusu muuzaji alipasue na kutia kachumbari ya ndoo yake. Tengeneza kachumbari yako kwa nyanya, tango na karoti vilivyooshwa kwa maji salama na kumenywa. Chumvi peke yake haiui vijidudu, kama wengine wanavyodhani. Siku nyingine badala ya yai fungua kopo la samaki, dogo la kutosha mlo mmoja.

Katikati ya siku, watoto wapewe karanga zilizokaangwa, embe, papai au chungwa. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe. Huweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, asije akapaliwa. Mpe siagi ya karanga. Chungwa lina faida nyingine: likiliwa pamoja na chakula husaidia mwili kuchukua madini ya chuma, ilhali chai ya rangi huyazuia. Basi chai isubiri kidogo baada ya mlo.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu, popote mlipo. Aliyetimiza miezi sita aendelee kunyonya, na apondewe ndizi mbivu, parachichi au papai kwa kijiko safi, na kiini cha yai lililoiva vizuri. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Maji ya kunywa yawe yamechemshwa, au ya chupa iliyofungwa, au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji kama maelezo yanavyosema. Ndoo ya bafuni si ya kunywa. Tukumbuke kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, jinsi kilivyoenea mikoa mingi na kuua watu wengi. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya choo na kabla ya kula. Na katika begi la rufaa, pamoja na zile barua na picha, weka kisu, vijiko, bakuli mbili zenye mifuniko, chupa ya chai, sabuni, kitambaa safi, na pakiti chache za dawa ya kuhara. Pakiti ya kawaida huchanganywa na maji salama lita moja, na yasiyonywewa ndani ya saa 24 yamwagwe. Mtoto akiendelea kutapika, akilegea, macho yakizama au akiharisha damu, usikae naye gesti. Hospitali iko karibu.

Neno moja juu ya mgonjwa mwenyewe. Niliyoyasema hapo juu ni kwa wazima wanaomsubiri. Mgonjwa wa figo huweza kudhurika kwa ndizi, parachichi na machungwa, maana vyote vina potasi nyingi. Anayetibiwa saratani kwa dawa za mshipa huweza kupungukiwa kinga, na huenda akakatazwa kachumbari na matunda yasiyomenywa. Mwenye kisukari ana mpango wake. Kabla ya kumpelekea chochote wodini, muulize muuguzi. Hiyo ni haki yako, wala si usumbufu.

Sasa nirudi kwetu, maana sipendi mzigo huu ubebwe na akina mama peke yao. Wenye gesti zilizo karibu na hospitali wanajua vizuri kwamba wageni wao wengi si wafanyabiashara wa kulala usiku mmoja. Kumkataza mgeni kupika chumbani ni sawa. Kumkataza na kumwacha hivyo, hapo ndipo naona kasoro. Birika moja la maji yaliyochemshwa asubuhi na jioni, meza safi uani, na bomba la kuoshea vyombo, hivyo havimfilisi mtu. Tena mgeni aliyepata maji ya moto hatakuwa na sababu ya kuficha jiko chini ya kitanda. Hosteli za majimbo na za mashirika yetu zingeweza kuonyesha mfano.

Na sisi wauguzi twaweza kuanza kesho. Barua ya rufaa ikishapigwa muhuri, tutumie dakika tano zaidi. Tuulize: Unakwenda na nani? Watoto wana umri gani? Mtakaa wapi? Kisha tuwaeleze namna ya kula mahali pasipo na jiko. Siku hizi ndivyo nifanyavyo mimi. Wengine hucheka na kuniambia, "Sista, huko ni kula kama ndege." Nawajibu kwamba nilipobadilisha chakula katika zile siku sita zilizobaki pale gesti, watoto wale walikula hivyo, na hakuna aliyeugua tena.

Dada yangu alipotoka wodini nilimweleza ukweli wote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa nini hatukuambiwa mapema. Sikuwa na jibu. Nakuandikia haya, msomaji, ili wewe uwe umeambiwa mapema.