Kidonge kimoja badala ya viwili

Watanzania hawahitaji kufundishwa maana ya dawa mseto. Dawa ya malaria tuliyoizoea kwa jina hilo huunganisha artemeta na lumefantrini; mgonjwa wa kifua kikuu, katika miezi 2 ya mwanzo, hupewa dawa 4 zilizounganishwa. Kwa nini basi mwenye kisukari aina ya pili aendelee kubeba mfuko uliojaa pakiti?

Mgonjwa huyu aghalabu huanza na metformini. Miaka ikipita, sukari hupanda tena, naye huongezewa glimepiridi, kisha dawa ya shinikizo la damu na ya lehemu. Fedha zikipungua, huamua mwenyewe ipi inunuliwe, na huamua kwa bei, si kwa umuhimu. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri ni takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu ipasavyo.

Kidonge mseto huondoa uamuzi huo wa dukani. Hata hivyo kina masharti yake. Figo zikidhoofika sana, metformini husitishwa, na hapo kidonge kizima hakifai tena. Anayekisahau naye hukosa dawa zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo sioni busara kumpa mgonjwa ambaye dozi zake bado zinatafutwa. Wanaostahili ni wale ambao dozi zao zimetulia, mradi bei isizidi ile ya vidonge viwili, jambo ambalo mifuko ya bima ya afya ingepaswa kulijibu kabla mgonjwa hajafika dirishani kwa mfamasia.