Mkate ulijadiliwa hadharani, misamaha ya kampuni je?

Ukinunua bando leo, Serikali huwa imeshachukua chake kabla hujafungua hata video moja. Kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, halafu VAT ya asilimia 16. Hakuna anayekuuliza kama una kazi au huna. Na ikiwa unauza viatu mtandaoni na mauzo yako ya mwaka ni kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni, unatakiwa kutoa asilimia 3 ya mauzo hayo. Ni mauzo, si faida. Hata ukipata hasara, bado unadaiwa.

Sasa cheki upande wa pili. Kampuni ikisajiliwa chini ya mpango wa EPZ, kama zile za Athi River, hailipi ushuru wa mapato kwa miaka 10 ya kwanza. Miaka 10 inayofuata hulipa asilimia 25, ilhali kampuni ya kawaida nchini hulipa asilimia 30. Zilizo kwenye maeneo maalum ya kiuchumi hulipa asilimia 10 kwa miaka 10, kisha asilimia 15 kwa miaka mingine 10.

Sisemi kila msamaha ni wizi. Kiwanda kikiajiri vijana wa mtaani kwenu, huenda nchi ikafaidika kuliko ilivyopoteza. Shida ni kwamba mimi na wewe hatuna njia rahisi ya kujua.

Kwa hesabu za Hazina ya Kitaifa yenyewe, ushuru ambao haukukusanywa mwaka wa 2023 kwa sababu ya misamaha na nafuu za kila aina ulipita Sh500 bilioni. Si zote zilienda kwa wenye viwanda. Hata mkate wako umo humo, kwa sababu hautozwi VAT.

Lakini kumbuka yaliyotokea 2024. Mswada wa Fedha ulipopendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16, nchi nzima ilijua. Tulibishana kwenye matatu, kwenye X, hadi barabarani. Pendekezo hilo likaondolewa, na baadaye Rais akakataa kutia saini mswada wote. Nafuu ya mkate ilipigwa darubini mpaka mtoto wa shule akaielewa. Je, ni lini umesikia mjadala kama huo kuhusu nafuu iliyopewa kampuni fulani, kiasi chake, na sababu yake?

Hilo si ombi la hisani. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema sheria ikiruhusu mtu au kampuni isamehewe ushuru, lazima kuwe na rekodi ya umma ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na kila msamaha uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Neno ni "kila". Jumla ya mabilioni kwa sekta haitoshi.

Kuna watakaosema hizo ni siri za biashara. Siri ya biashara ni jinsi unavyotengeneza bidhaa yako. Ushuru uliosamehewa ni pesa za umma, na pengo lake linazibwa na mwenye bando na mwenye duka.

Kwa hivyo maswali ni matatu. Kampuni imesamehewa shilingi ngapi? Iliahidi nini, mfano ajira ngapi? Na ahadi hiyo imetimia? Kama haijatimia, msamaha uendelee kwa nini?

Unaweza kuuliza wewe mwenyewe. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki hiyo. Andika ombi kwa afisi husika, kwa Kiswahili au Kiingereza, zote zinakubalika kisheria. Hulazimiki kueleza sababu. Afisi ina siku 21 kukujibu, na ikikunyima au ikinyamaza, unaweza kupeleka malalamishi kwa Ombudsman.

Mwezi Juni, wakati wa bajeti, sote huwa tunapekua mswada tukitafuta ushuru mpya. Mwaka huu tafuta pia wanaoondolewa ushuru. Hapo ndipo utajua kwa nini wako unapanda.